Kuchagua kitabu kisichochuja: mwongozo kamili kwa admini wa grupu la kusoma

Grupu letu la kusoma nusura life kwa sababu ya kitabu chembamba. Tulikuwa watu 34 WhatsApp, wengi wa Tanga na Dar es Salaam, wachache Mombasa na Lamu, wawili Lubumbashi, mmoja Maskati na mmoja Minneapolis. Admini nilikuwa mimi. Nikawaza: ndiyo kwanza tunaanza, tuchukue kitu kifupi. Nikapendekeza Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990), na hoja yangu ilikuwa moja tu, kwamba kurasa zake hazifiki mia. Wiki ya kwanza watu walisoma. Wiki ya pili mtu akauliza, "Jamani, huyu Nagona mwenyewe ni nani?" Kimya. Na mimi nilikuwa kimya. Wiki ya tatu grupu likawa la salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba.

Nagona ni kazi kubwa, na siku moja tutairudia. Ila ni kitabu cha watu waliokwisha kuzoeana, wanaoweza kuambiana "sijaelewa" bila kuona haya. Sisi tulikuwa bado tunaitana "mheshimiwa". Tangu hapo nimeshiriki kuchagua vitabu tisa, na utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na makosa zaidi kuliko ufundi. Kiini chake ni hiki: kitabu cha grupu kichaguliwe kwa ugomvi uliomo ndani yake. Jina la mwandishi, idadi ya kurasa na sifa alizokipa mwalimu wako wa kidato cha nne vije nyuma.

Kwanza, hesabu wasomaji

Namba zilizomo kwenye grupu si wasomaji. Kwetu 34 maana yake wasomaji 11 au 12. Waliobaki ni watazamaji wema ambao ukiwatoa watakupigia simu kuuliza wamekosa nini. Waache. Lakini kitabu kichaguliwe kwa kuwatazama wale 12, na ili uwajue, waulize mmoja mmoja inboksi. Hadharani kila mtu ni msomaji mkubwa.

Maswali yangu ni manne. Kitabu gani cha Kiswahili ulikimaliza mara ya mwisho, na lini? Unasomea karatasi au simu? Unaweza kutoa kiasi gani kwa nakala moja? Kuna jambo ambalo kwa sasa hungependa kulisoma?

Swali la kwanza lina faida kuliko unavyodhani. Kwa wengi kitabu cha mwisho ni cha shule. Mtanzania atakutajia Takadini, Watoto wa Mama Ntilie au Joka la Mdimu. Mkenya atakutajia Utengano au Kidagaa Kimemwozea. Alikisoma kwa ajili ya mtihani, kalamu mkononi, na mpaka leo akifungua riwaya macho yanamkimbilia dhamira, ujumbe na tamathali za usemi. Huyu si mvivu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakiwa wengi wa namna hiyo, kitabu cha kwanza kisiwe walichowahi kutahiniwa, hata kiwe kizuri namna gani.

La nne wengi hulijibu "hakuna". Lakini mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na bintiye muda si mrefu, na siku hizo tulikuwa tunakaribia kuchagua Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi inayomfuata msichana mpaka anapoangamia. Tuliiahirisha kwa miezi mitano. Sababu niliijua mimi na yeye tu.

Kisha, kubalianeni kuhusu umri

Khanga nzuri huitambui dukani. Utaitambua baada ya kufuliwa mara kumi. Kitabu nacho ni vivyo hivyo. Kanuni yetu ni kwamba kiwe kimetimiza miaka 30, na kiwe kimesomwa na vizazi viwili, yaani wewe na mzazi wako nyote mlikisikia. Kanuni hii tumeivunja mara moja, kwa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, na sijutii.

Hapa patazuka mjadala wa tafsiri, jiandae. Je, Shamba la Wanyama la Fortunatus Kawegere (1967) au Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere (1969) ni vitabu vyetu? Mimi nasema kilichowachekesha au kuwaliza watu kwa Kiswahili ni chetu. Wengine wanakataa. Mpe mjadala huo jioni moja tu, maana una uwezo wa kula mwezi mzima. Jambo zito zaidi ni kwamba watu wakisikia "kitabu cha zamani" huwaza riwaya peke yake, wakati tenzi zilikuwa zinasomwa Pate, Lamu na Mombasa kabla riwaya haijajulikana huku kwetu.

Weka vitatu mezani

Vitatu vinatosha. Nilipoweka kumi, kura zilitawanyika na mshindi alipata kura tatu, yaani watu tisa walikuwa wameshashindwa kabla ya kufungua ukurasa. Vitatu hivyo visifanane. Na mbele ya kila kimoja andika swali moja lenye majibu mawili, yote yakiwa na watetezi. Ukikosa swali la namna hiyo, kitabu kinaweza kuwa kizuri kwa kusoma peke yako kitandani, lakini grupu litaishia kusema "nimekipenda sana" na vidole gumba.

Nitaonyesha kwa vitabu nilivyovipima mwenyewe.

Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ndicho kila mtu hukitaja, na wengi wanaokitaja hawajakimaliza. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo mema, wakaishia gerezani. Hotuba ni tamu, na ukikumbuka kwamba kiliandikwa chini ya Mwingereza unaona ujasiri wake. Tatizo ni mjumbe wa tatu. Kufikia hapo msomaji ameshajua safari itakwishaje, na ndipo watu wanapoanza kusema "nina dharura". Dawa yake ni kugawana: kila wawili wachukue mjumbe mmoja, wamsimulie kwa wenzao. Swali la ugomvi: Karama aliokolewa na ukweli wake, au na ufasaha wake?

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ndiyo ninayoipendekeza kwa grupu changa. Ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa 1960, na ndiyo iliyomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Kuna mauaji, kuna mzimu, na kuna mtu mmoja mtulivu asiyeamini haraka. Watu wanasoma mbele kwa sababu wanataka kujua. Udhaifu ni kwamba mtu mmoja akishatoboa siri, mchezo umekwisha. Sisi tuliweka sheria ya kutozungumzia sura isiyofikiwa, na aliyeivunja aliadhibiwa kwa kusoma sura nzima kwa sauti na kuturushia voisi. Adhabu ikageuka burudani, wakaanza kuivunja makusudi.

Rosa Mistika (1971) haikosi ugomvi hata siku moja. Ilipotoka ilizuiwa mashuleni, baadaye ikaja kusomeshwa. Nani alimharibu Rosa: Zakaria baba yake kwa ukali na ulevi, shule ya wasichana iliyomfungia, wanaume, au Rosa mwenyewe? Nimeona akina baba watatu wakijitetea kwa voisi za dakika nane nane kana kwamba wao ndio Zakaria. Lakini ina kutoa mimba na kujiua ndani yake, kwa hiyo rudi kwenye lile swali la nne.

Kuna ninachotamani na sijafanikiwa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza 1945, akakosa mchapaji, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa 1980 kwa majuzuu mawili, mwaka mmoja kabla hajafariki. Habari ya mke na mume wasiopata watoto na wakwe wanaomchukua binti yao ingewasha grupu lolote. Ila ni kirefu mno na nakala ni za kutafuta kwa tochi. Kitabu kisichopatikana hakipigiwi kura.

Vuta n'kuvute nayo ni ndefu, zaidi ya kurasa 200, lakini inakimbia. Yasmin anaozwa akiwa bado binti kwa mzee mwenye duka, anatoroka, na Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni inamfungukia. Kwa kuwa ilitengenezewa filamu na Amil Shivji (2021), wale watazamaji wema nao wanapata mahali pa kuingilia.

Na utenzi je?

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo grupu letu lilipofufuka.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa 1858. Mtungaji, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepambana miaka na miaka na masultani wa Zanzibar, na anamuusia binti yake namna ya kuishi na Mola, na watu, na mume. Beti zake ni 102. Kwa wiki tatu ni beti 34 kila wiki, karibu tano kwa siku. Mtu anazisoma akisubiri daladala. Hakimiliki haipo tena, kwa hiyo ubeti unaubandika kwenye grupu bila kumwibia mtu, na hakuna anayelalamika kwamba hana nakala.

Kikwazo ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Mato ni macho, nti ni nchi, na Mwamu akikwambia "ndoo" anakuita, wakati mtu wa Dar anageuka kutafuta pa kuchotea maji. Kwa hiyo usiuchague mpaka uwe na mwenyeji. Sisi tulikuwa na shangazi mmoja wa Lamu ambaye kwa miezi minne hakuwa ameandika chochote zaidi ya "Amin". Tukamwomba asome beti za siku kwa sauti, kisha aeleze maneno matatu tu. Maneno yote yangechosha.

Tulipofika kwenye radhi tano anazotakiwa mwanamke kuzitafuta, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, kina dada wawili, wa Dar na wa Minneapolis, wakachachamaa: huu ni utumwa umetiwa vina. Kina kaka wakapiga makofi, nadhani mapema mno. Siku chache baadaye tukafika pale anapomwambia binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Shangazi akatuma voisi, unasikia kabisa anacheka kabla ya neno la kwanza: "Sasa nambieni wanangu, mtoto asojua kusema, nyumbani mwenye amri ni nani, ni yeye au anomlea?"

Usiku ule ujumbe ulipita 200. Nikajua ninachokitafuta kitabuni.

Nakala: hapa ndipo magrupu hufia

Kabla ya kura, thibitisha kwamba kila kitabu kati ya vile vitatu kinapatikana. Kuthibitisha ni kupiga simu dukani na kuuliza "mnazo ngapi, leo?", maana kuwepo kwenye orodha ya duka si kuwepo rafuni. Dar es Salaam mimi huanzia TPH Bookshop, Samora. Wa Nairobi huanzia Text Book Centre. Nunueni kwa pamoja, mchange kwa simu, mmoja achukue mzigo na kuutuma kwa basi. Wa Ughaibuni wasisubiri posta. Kila wiki kuna msafiri wa Maskati, na kitabu kimoja hakimzidishii mzigo. Wapeni wiki nne zaidi ya wengine, na tarehe ya kuanza ihesabiwe tangu nakala ya mwisho ifike.

Zifungueni zikifika. Duka moja lilituuzia nakala sita, mbili kati yake zikiwa na kurasa tupu katikati, na tuligundua tukiwa sura ya tano.

Swali la kila grupu litakuja: "Admini, pdf iko wapi?" Jibu langu ni kwamba kazi yenye hakimiliki hatuipigi picha ukurasa kwa ukurasa. Kezilahabi amefariki Januari 2020. Haki ya kazi zake bado ina wenyewe. Asiye na uwezo tunamnunulia kwa mchango, kimyakimya, na nakala ikishasomwa inaingia kwenye sanduku la grupu kwa ajili ya mwingine.

Jambo dogo linalosumbua sana: matoleo. Mmoja ana Kusadikika ya zamani ya baba yake, mwingine ameinunua jana. Ukurasa wa 40 wa huyu si ukurasa wa 40 wa yule. Tajeni sura, au maneno ya kwanza ya aya. Kamusi moja nayo iwe ya wote ili ubishi wa maana uwe na hakimu. Sisi tunatumia Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA.

Jaribio la dakika kumi na mbili

Hili nalifanya kwa kila kitabu kati ya vitatu. Chagua watu watatu wasiofanana: anayesoma haraka, anayesoma polepole, na aliyelelewa nje ambaye Kiswahili anakizungumza vizuri lakini kukisoma kunamchukua muda. Kila mmoja asome kwa sauti kurasa tano za mwanzo, saa ikiwa mezani. Kisha mwulize maneno mangapi yalimkwamisha, na kama angependa kufungua ukurasa wa sita.

Kukwama kwenye maneno kumi si tatizo kama mtu anataka ukurasa wa sita. Mwenzetu wa Lubumbashi alikwama mara kumi na nne kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kwa sababu Kiswahili cha Unguja na cha Katanga si kimoja, halafu akaniuliza kama anaweza kuendelea peke yake. Kinyume chake, aliyesoma Kusadikika bila kukwama hata mara moja alisema "ni nzuri" na hakukigusa tena. Dakika zile pia zinakupa mwendo. Msomaji wa polepole akitumia dakika 12 kwa kurasa tano, kurasa 20 kwa wiki ni dakika 48 kwake, karibu dakika saba kwa siku. Kitabu cha kurasa 120 kitachukua wiki sita. Panga kwa mwendo wake yeye. Wa haraka watangoja, na wakichoka kungoja watasoma mara ya pili.

Kura

Fungua kura kwa siku mbili, ukiweka vitatu pamoja na maswali yake ya ugomvi, bei, na mahali zilipo nakala. Kisichopata nusu ya kura kisitangazwe mshindi. Vya juu viwili virudi kupigiwa tena. Admini apige kura mwisho au asipige kabisa. Anayepiga kura aandike pia "nitakinunua kufikia tarehe fulani", na hapo utaona 20 wanapungua kuwa 12. Hao ndio wako.

Angalia kalenda kabla hujatangaza. Januari ni ada za shule, usiombe mtu hela ya kitabu. Desemba watu wako kwao, mtandao wa shida. Ukiwa na watu wa Pwani na Ghuba, usianze riwaya mwezi wa Shaaban ukadhani itaendelea Ramadhani. Mwezi ule utenzi mfupi baada ya tarawehe unafaa, riwaya ya Bwana Msa haifai.

Mwisho kuna saa. Mwenzetu wa Minneapolis alikosa kikao cha kwanza kwa sababu niliandika "saa 3" na yeye akaisoma kizungu, akaingia wakati sisi tumeshalala. Siku hizi tangazo langu huwa hivi, nalo linabaki limebandikwa juu ya grupu mpaka kitabu kiishe:

"Ndugu zangu, mshindi ni Mzimu wa Watu wa Kale. Tunaanza Jumapili, saa tatu usiku ya Dar na Nairobi. Maskati ni saa nne usiku, Lubumbashi saa mbili usiku, Minneapolis saa saba mchana. Tunasoma sura mbili za mwanzo. Asiyepata nakala aniambie leo, si Jumapili. Na Shangazi, tunaomba utufungulie kwa sauti yako."